Nimeuza kompyuta ya stesheneri, kumbe vyeti vya wateja bado vimo ndani

Kaka Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina stesheneri ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Natoa kopi, nachapa barua, na vijana wengi huja kwangu kuomba mikopo ya HESLB, kujaza maombi ya Ajira Portal na kushughulikia vyeti vya kuzaliwa vya RITA. Kazi zote hizo nimezifanya kwa miaka kwenye kompyuta moja ya mezani, Dell ya mtumba yenye diski ya GB 500 na RAM ya GB 4. Mwaka huu Mungu amejaalia nimenunua laptopu, nikaona ile ya zamani niiuze. Amepatikana kijana wa Makorora anayetaka kumnunulia mdogo wake wa sekondari. Ameshanipa kianzio, na Ijumaa baada ya swala anakuja kuichukua na kumalizia hela.

Niliipeleka kwanza kwa fundi nikamwambia aipige Windows upya. Haikuchukua muda. Aliponirudishia alisema, "Mama, imesafika kabisa, kama imetoka dukani." Nilipoiwasha, kweli haikuwa na kitu ila kile kikapu cha takataka.

Jioni mwanangu mkubwa, yuko chuo, akaniambia, "Mama, hebu ngoja." Akachomeka flashi yenye programu ya kurudisha faili zilizofutwa, iitwayo Recuva, akaiacha ichambue. Kaka, miguu ilinilegea. Vikaanza kutokea vitambulisho vya NIDA, cheti cha ndoa cha watu, barua ya mtu kuachishwa kazi, na cheti cha kifo cha jirani yangu ambacho nilikiskani kwa mkono wangu kwa ajili ya mirathi. Halafu kule kwenye D, sehemu ya pili ya diski hiyo hiyo, ambako fundi hakugusa kabisa, kulikuwa na folda nzima ya wateja wa zamani.

Katika hivyo hivyo akatoa picha tatu za marehemu mama yangu, zilizopigwa Pangani kwenye harusi ya mdogo wangu. Nilidhani nimeshazihamishia kwenye laptopu, kumbe nilihamisha folda nyingine. Sasa ya wateja nataka yafutike yasionekane tena, na za mama nataka zipatikane zote, na vyote viko kwenye diski moja.

Mume wangu anasema nani atahangaika kuchimbua, nimpe kijana mali yake. Fundi nilipompigia alisema kama naogopa niipasue diski kwa nyundo. Mwanangu anasema kuna programu inapita juu ya diski mara 35. Na huyu kijana anataka Windows 11, fundi anasema mashine haiikubali. Nifanye nini? Nirudishe kianzio? Nimdai fundi hela yangu?

Mama wa stesheneri, Ngamiani

JIBU

Dada yangu, waalaikum salaam. Kabla ya lolote, izime hiyo kompyuta na uchomoe waya wake ukutani. Usiiwashe tena hata kwa kuchungulia. Windows ikiwa imewaka, hata kama hujagusa kibodi, inaandika vitu vyake kwenye diski: sasisho, faili za muda, kumbukumbu zake za ndani. Inaweza kuandika palepale zilipo picha za mama yako, na picha ikishaandikiwa juu hakuna fundi wa kuirudisha. Hizo picha ndizo zenye haraka. Vyeti vya wateja vinaweza kusubiri siku mbili maadamu mashine iko mikononi mwako.

Sasa nikueleze alichofanya fundi, kwa sababu ukikielewa hicho mengine yatakuwa mepesi. Diski huweka orodha ya mahali kila faili lilipo. Fomati ya haraka, ambayo mafundi wengi huitumia kwa kuwa huisha kwa sekunde chache, hufuta ile orodha na kuanzisha mpya. Faili zenyewe haziguswi. Ni kama mtu apite Ngamiani usiku ang'oe vibao vyote vya namba za barabara: mgeni atapotea, lakini nyumba zipo na watu wamo ndani, na mwenye subira akigonga mlango kwa mlango atamkuta kila mtu. Recuva hufanya kazi hiyo ya kugonga milango. Windows mpya inachukua sehemu ndogo tu ya diski ya GB 500, kwa hiyo yaliyobaki yamebaki kama yalivyokuwa. Na D haikufutwa hata orodha.

Shemeji anauliza nani atahangaika. Mwanao amehangaika, jioni moja, kwa programu ya bure, na hakuwa na nia yoyote mbaya. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokikuta kwenye diski 158 za mitumba walizonunua. Zilizokuwa zikifanya kazi ni 129, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa inavyotakiwa. Moja ilionekana kuwa imetoka kwenye mashine ya kutolea fedha, ikiwa na namba za akaunti za watu. Huenda waliokuwa wakiziuza nao waliamini zimesafishwa, kama ulivyoamini wewe.

Mteja anapokupa kitambulisho chake ukiskani, amekuachia amana. Mtu mwenye namba yako ya NIDA, tarehe yako ya kuzaliwa, sahihi yako na picha yako ana pa kuanzia akitaka kujifanya wewe. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Lakini hata sheria isingekuwepo, kile cheti cha kifo cha jirani yako hakina haki ya kuingia nyumba ya mtu Makorora. Umefanya vizuri kusita, na ninakusihi usikubali kuharakishwa.

Haya, picha za mama. Tafuta diski ya nje, ya kununua au ya kuazima kwa mtu unayemwamini. Kisha mwanao afungue kasha la Dell, atoe diski, na aiunganishe na laptopu kwa adapta ya SATA kwenda USB, yaani kifaa cha kuchomeka diski ya ndani kwenye tundu la USB. Hakikisheni adapta hiyo inakuja na umeme wake wenyewe, kwa sababu diski ya kompyuta ya mezani, ile ya inchi 3.5, haitoshelezwi na umeme wa tundu la USB. Mkiiunganisha laptopu inaweza kuuliza kama mnataka kuifomati. Kataeni.

Kwa kazi hii napenda PhotoRec kuliko Recuva. Nayo ni ya bure, na haitegemei orodha kabisa. Inaisoma diski kipande kwa kipande ikitafuta umbo la picha. Iambieni itafute JPG peke yake, yaani aina ya faili ya picha, na kila inachokitoa kiende kwenye diski ya nje, kamwe kisirudi kwenye diski ileile. Itachukua saa kadhaa. Picha zitarudi hazina majina, namba tupu, na zitakuwa maelfu, kwa sababu itazoa hata vipicha vya tovuti ulizowahi kufungua. Zipange kwa ukubwa: za kamera huwa nzito, za tovuti huwa nyepesi. Picha ya kamera pia hubeba ndani yake tarehe iliyopigwa, kwa hiyo kama unaikumbuka siku ya harusi ile utafika haraka.

Humo humo utakuta vitambulisho vya wateja, kwa kuwa na vyenyewe ulivihifadhi kama JPG. Kazi ya kuchambua ifanye wewe mwenyewe, mlango umefungwa, usimwachie mtoto na marafiki zake. Ukishapata za mama, weka nakala moja kwenye laptopu na nyingine mahali pengine kabisa, nyumbani kwa mdogo wako au Google Drive, ambako unapewa GB 15 bure. Zifungue kwenye mashine nyingine, moja baada ya nyingine, uone zinafunguka mpaka chini, maana picha iliyookolewa wakati mwingine hukatika nusu ikabaki kijivu. Na muulize mwanao vile vyeti alivyovitoa jioni ile alivihifadhi wapi. Kama viko kwenye flashi yake, nayo inahesabika, sawasawa na diski ya nje baada ya kuchambua.

Pitia na D kabla haijaondoka. Pengine kuna hesabu za duka au barua zako mwenyewe. Hamisha nyaraka na picha tu, usihamishe programu; mashine ya stesheneri imepokea flashi za mji mzima, na virusi hupenda kukaa kwenye programu.

Diski ikiwa bado iko kwenye laptopu, ipimeni afya kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha rangi ya buluu, iko sawa. Ikionyesha njano au nyekundu, msiiuze. Diski iliyoanza kufa huyatenga maeneo yake mabovu, na yaliyoandikwa humo hayafikiwi tena na programu ya kufuta. Hiyo ndiyo diski ya nyundo, na hata nyundo ina namna yake: anayegonga kasha juu juu anaweza kuacha sahani za ndani zikiwa nzima. Fungueni, mzitoe zile sahani zing'aazo kama kioo, mziharibu zenyewe, na mjikinge macho kwa kuwa nyingine ni za kioo kweli. Kisha muwekee kijana SSD mpya, ile diski ya kisasa isiyo na sahani za kuzunguka, hata ndogo, mkubaliane nyongeza. Dell hiyo itawaka kwa wepesi ambao wewe hukuwahi kuuona.

Lakini kama ni nzima, kuipasua ni kuharibu mali. Inafutika. Na haihitaji mara 35. Hesabu hiyo ilitoka kwa Peter Gutmann mwaka 1996, akizungumzia aina nyingi za diski za zama zile kwa pamoja, na baadaye mwenyewe alieleza kwamba kuzipitisha zote 35 kwenye diski moja hakuna faida. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa 800-88, inaona kuandika juu mara moja kunatosha kwa diski za sumaku kama yako. Mara moja, lakini diski nzima, bila kuruka hata kipande.

Fundi tayari anayo flashi ya Windows, na hiyo inatosha. Rudisheni diski kwenye Dell. Chomoeni kila kitu kingine, hasa ile diski ya nje yenye picha. Iwe chumba kingine kabisa. Washeni huku mnabonyeza F12, mchague flashi. Ukifika ukurasa wa kwanza wa kuchagua lugha, msiendelee mbele: bonyezeni Shift na F10 kwa pamoja, kitafunguka kidirisha cheusi. Andikeni diskpart, kisha list disk. Hapo ndipo pa kutuliza akili. Diski yako ya GB 500 itaandikwa 465, usishtuke, ni kwa sababu kompyuta huhesabu kwa 1024. Flashi itaonekana ndogo zaidi. Kama 465 ndiyo namba 0, andikeni select disk 0, halafu clean all. Mkiandika clean peke yake mtakuwa mmefuta orodha tu, tumerudi kulekule kwa fundi. Hiyo clean all ndiyo inayojaza sifuri diski yote, C na D kwa pamoja.

Kisha hakutatokea kitu. Hakuna asilimia, hakuna mstari unaotembea, ni kile kialama kinachopepesa tu kwenye weusi. Watu wengi hukata tamaa hapo wakazima. Usizime. Kwa diski ya GB 500 tegemea saa moja na nusu hadi tatu, na taa ya diski mbele ya kasha itakuwa inawaka muda wote. Umeme ukikatika katikati hakijaharibika kitu, mtaanza upya. Ikimaliza itasema yenyewe, ndipo mwendelee kuweka mfumo mpya. Mwisho kabisa mwanao arudishe Recuva, aichague ile ya kuchambua kwa kina, mkae naye. Isipotoa kitu ila vipande vya mfumo mpya, umemaliza.

(Kwa wasomaji wenye laptopu za SSD: njia hii si yenu. SSD huhamisha data ndani kwa ndani na ina akiba isiyoonekana, kwa hiyo kuandika juu hakufiki kote. Tumieni programu ya kufuta ya kampuni iliyotengeneza SSD yenyewe, au amri ya kufuta iliyomo kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, kama ipo.)

Kuhusu Windows 11, fundi wako anasema kweli. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, karibu zote zinazokubalika zinaanzia kizazi cha nane. Zipo njia za kuilazimisha, ila Microsoft haiahidi sasisho kwa mashine iliyolazimishwa, nami siwezi kumshauri mtu amwekee mwanafunzi kitu hicho. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha kwenye nyongeza ya sasisho za usalama waliongezewa mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Ushauri wangu kwa huyo mtoto ni Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, toleo la Xfce, ambalo kwa RAM ya GB 4 linatembea vizuri, halina gharama, linapata sasisho, na linakuja na LibreOffice inayofungua nyaraka za Word. Lakini kijana ndiye mnunuzi. Mweleze ukweli wote achague. Asichopaswa kupewa ni Windows iliyochakachuliwa kwa programu inayokutaka uzime antivirasi kwanza. Hiyo ni kumuuzia mtoto mlango ulio wazi.

Kuna jambo hukuliuliza, na kwangu ni zito kuliko diski. Miaka yote hiyo umekuwa ukifungua akaunti za watu za HESLB na Ajira Portal kwenye Chrome, na najua jinsi kazi inavyobana: foleni ndefu, mteja amesahau nywila, unabonyeza ihifadhiwe ili kesho isisumbue. Kama Chrome hiyo ilikuwa imeingia kwa akaunti yako ya Google, nywila hizo hazipo kwenye diski tu. Ziko kwenye akaunti yako, na zimekufuata mpaka kwenye laptopu mpya. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako, fungua sehemu ya nywila zilizohifadhiwa, ufute za wateja. Kisha sehemu ya vifaa, uitoe ile Dell. WhatsApp kwenye simu yako, angalia vifaa vilivyounganishwa, uitoe na huko pia. Badilisha nywila yako ya barua pepe. Wateja unaowakumbuka, hasa waliokuachia nywila kwenye daftari, waambie wabadilishe zao. Hakuna aibu kuwaambia. Mteja anayeambiwa hivyo huwa anarudi.

Na kwenye laptopu mpya usianze tena kulimbikiza. Ukimaliza kuskani, mtumie mwenyewe au mwekee kwenye flashi yake, futa mbele yake, na kikapu ukimwage kila jioni kabla ya kufunga duka. Kama una mashine kubwa ya fotokopi, zipo nyingi ambazo nazo zina diski ndani yake. Siku utakapoiuza, uliza.

Fundi usimdai hela. Ulimwambia apige Windows, na Windows amepiga. Alipokosea ni kusema imesafika kabisa, na hilo mwambie kwa upole, uso kwa uso, umwonyeshe alichokitoa mwanao. Fundi mzuri atashtuka kama ulivyoshtuka wewe, na wateja wake wa kesho watapona. Akikubali, kazi ya clean all mpe yeye, umlipe, ila ukae palepale mpaka ikwishe.

Kianzio usirudishe bado. Mpigie kijana leo, umwambie mashine haijawa tayari kwa sababu ilikuwa na nyaraka za watu na unaisafisha kikamilifu, na umuulize kama anaweza kungoja mpaka Jumatatu. Nina hakika ataelewa, kwa sababu na yeye huenda aliwahi kutolea kopi kwenye stesheneri ya mtu. Asipoweza kungoja, mrudishie hela yake yote. Akija, iwasheni pamoja, aone tarehe na saa ziko sawa. Zikirudi nyuma kila inapozimwa, badilisha kile kibetri cha duara cha CR2032 kilichomo ndani, la sivyo tovuti nyingi zitakataa kufunguka na atadhani umemuuzia kitu kibovu. Kisha mpe kibodi, atengeneze nywila yake mwenyewe, nawe ugeukie pembeni wakati anaiandika.